Kifuniko cha Mtumbwi Muleba: Turubai Lipi Linastahili Pesa Yako?

Mtu wa Muleba anayetaka chombo cha majini hutafuta fundi anayesifiwa, hukagua mbao moja baada ya nyingine, hulinganisha injini mpaka aridhike. Chombo kikishafika mwaloni, huingia duka la kwanza, hununua nailoni ya bei ya chini kabisa, hukifunga pande zote na kuondoka akiamini kazi imekwisha. Mali ya mamilioni imekabidhiwa kwa kitu ambacho hakuna aliyeuliza kitadumu miezi mingapi, wala kitakifanyia nini kilichomo ndani. Mimi nasema kifuniko kibaya huharibu chombo haraka kuliko kukiacha wazi, na kwamba rahisi ya dukani mara nyingi ndiyo ghali ya mwaka. Tuvipime vifuniko hivyo kwa shilingi na kwa kazi vinavyofanya.

Kwanza hali ya hewa yetu. Bukoba mjini hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Dodoma haifiki 700. Mvua nyingi za upande huu wa magharibi wa Ziwa Victoria hujengeka usiku juu ya maji, kisha upepo wa mashariki huzisukuma nchi kavu alfajiri na asubuhi. Mtumbwi ulioachwa wazi jioni hukutwa na maji ndani kulipokucha. Aprili ndiyo mwezi mzito kuliko yote. Halafu kuna jua. Muleba iko chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa wenyewe uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miale inayochakaza plastiki na rangi hutufikia ikiwa na nguvu kuliko inavyofika Tanga au Mtwara. Asubuhi chombo kimelowa, saa nane mchana kinaungua, usiku kinalowa tena.

Wavuvi wa dagaa wanaijua hali hii kuliko wengine. Siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi hupandishwa mchangani, na kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo chombo kinakaa nchi kavu bila kazi. Wenye boti za abiria kwenda Bumbire, Ikuza au Goziba huzipandisha wakati wa matengenezo. Wenye kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ya mtu mmoja au wawili, huitumia mwisho wa wiki na kuiacha siku zinazobaki. Mahitaji ya hawa watatu hayafanani, na ndiyo maana ushauri wa "nunua turubai zuri" haumsaidii mtu.

Nianze na mbao, kwa sababu ndizo nyingi mialoni mwetu. Wenzetu wa pwani wanamwogopa mdudu wa baharini anayetoboa mbao akiwa ndani ya maji. Ziwani kwetu huyo hayupo. Adui yetu ni ukungu unaoozesha, na huyu anapenda maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi ya bahari humzuia kwa kiasi. Maji ya mvua na ya ziwa humkaribisha. Ili aishi anahitaji mambo mawili kwa pamoja: unyevu ndani ya mbao unaozidi kama asilimia 20, na hewa. Mbao iliyozama kabisa haina hewa ya kumtosha, ndiyo sababu gogo lililolala chini ya maji huweza kukaa miaka mingi likiwa zima. Mbao iliyokauka haina unyevu. Iliyo katikati, yenye maji kidogo na hewa kidogo na joto la kutosha, ndiyo inayooza. Sasa angalia mtumbwi uliofunikwa kwa nailoni na kukazwa kamba mpaka ardhini: maji yaliyobaki kwenye mkuku hayana pa kwenda, jua linapasha joto, mvuke unapanda, unagonga nailoni, unashuka tena kwenye mataruma. Mwenye chombo amejenga nyumba ya ukungu kwa pesa yake mwenyewe.

Hata hivyo kuacha wazi si jibu. Jua la moja kwa moja hukausha mbao za juu upesi kuliko za chini, zinajikunja, viungo vinaachana, na pamba iliyozibia inalegea. Mtumbwi ukirudishwa majini unavuja, na mwenyewe anamlaumu fundi. Kwa hiyo kifuniko cha mbao kinatakiwa kufanya mambo yanayoonekana kupingana: kizuie mvua, kilete kivuli, na kiruhusu upepo upite chini yake. Kila unachokiona dukani kipime kwa matatu hayo.

Sandarusi ndiyo inayouzwa kila mahali, kuanzia soko la Bukoba hadi maduka ya Muleba mjini na Kamachumu. Ni nyuzi bapa za plastiki zilizofumwa na kupakwa utando mwembamba. Ile nyepesi ina uzito wa gramu 70 hadi 120 kwa kila mita ya mraba, na nzito kidogo hufika 180 au zaidi. Inazuia mvua vizuri ikiwa mpya. Tatizo lake ni jua. Plastiki isiyotiwa dawa ya kuhimili jua hukatika ndani ya miezi. Huanza kufifia rangi, kisha huacha unga mweupe vidoleni, kisha upepo wa kwanza wa masika huichana kuanzia kwenye matundu ya kamba. Vipande vyake havipotei. Nyuzi zile huingia ziwani, hujizungusha kwenye pangaboi la injini, na mvuvi analazimika kusimama katikati ya maji kuzikata kwa kisu. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini sandarusi iliyochanika mwaloni ni taka ileile kwa jina jingine.

Kuna sandarusi bora zaidi ambayo watu wa Kagera wanaifahamu kwa sababu ya historia. Mwishoni mwa Aprili 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikafunikwa kwa maturubai ya Umoja wa Mataifa. Yale maturubai yana kipimo cha mita 4 kwa 5, yametiwa dawa ya kuhimili jua, na yana mishipi ya kuimarisha sehemu za kufungia kamba. Kwa ubora yanazidi sandarusi nyingi za dukani, na mita 20 za mraba zinaufaa mtumbwi mdogo vizuri sana. Lakini hayo ni mali ya mkimbizi. Ukiletewa moja la kuuziwa, jua kuna familia imelala chini ya mvua. Usinunue. Unachoweza kufanya ni kujifunza kutoka kwake: mwulize mwenye duka sandarusi yenye dawa ya jua, itazame pindo zake, hesabu pete za kufungia, na uzito wake uwe karibu gramu 200.

Turubai la PVC, lile la kufunikia malori, ni jambo jingine kabisa. Ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki nzito pande zote mbili, kwa kawaida kati ya gramu 500 na 900 kwa mita ya mraba. Maji hayapiti. Likitoboka hugundishwa kiraka kwa gundi. Linadumu miaka, hata juani. Mafundi wanaoshona viti vya magari na maturubai ya malori wanaweza kulikata kufuata umbo la chombo chako, na hiyo ni faida kubwa, maana turubai lililokatwa vizuri halina mikunjo ya kukusanya maji. Kasoro zake ni tatu. Halipumui hata kidogo, kwa hiyo likifungwa vibaya linaozesha kuliko nailoni. Ni zito. Na linaibwa.

Uzito nitaueleza kwa hesabu. Chukua mtumbwi wa mita 6 wenye upana wa mita 1.4. Ukiongeza nusu mita kila mwisho na ukaacha mabega ya kushuka ubavuni, unahitaji kipande cha mita 7 kwa 3, yaani mita 21 za mraba. Kwa sandarusi ya gramu 100 hiyo ni kilo 2.1, mtoto anaweza kuibeba. Kwa PVC ya gramu 650 ni kilo 13.65 likiwa kavu, na likilowa unabeba maji pia. Mvuvi wa dagaa anayefunika na kufunua kila mbalamwezi ataliweza akiwa na msaidizi. Mama mwenye kayaki moja nyuma ya nyumba hatalipenda, na kitu usichokipenda hukitumii.

Sasa pesa. Bei hutofautiana kati ya Bukoba, Muleba na Mwanza, tena hupanda masika yakikaribia, kwa hiyo tarakimu ninazoandika hapa ni za mfano tu wa kuonyesha njia ya kuhesabu; ondoa zangu uweke za duka lako. Tuseme sandarusi nyepesi ya kutosha mtumbwi ule inauzwa shilingi 30,000 na inadumu miezi mitano juani. Kwa mwaka utainunua mara mbili na zaidi, ambayo ni shilingi 72,000. Tuseme PVC ni shilingi 9,000 kwa mita ya mraba: mita 21 ni shilingi 189,000, na fundi na pete zake achukue 61,000. Jumla 250,000. Likidumu miaka mitano, kila mwaka umelipia 50,000. Kufikia katikati ya mwaka wa nne, mwenye sandarusi amekwisha kutumia pesa nyingi kuliko mwenye PVC, na bado ananunua. Gawanya bei kwa miezi ya kudumu: hesabu hiyo moja inatosha kubadilisha uamuzi wa watu wengi.

Lakini hesabu hiyo inadhani turubai litakuwepo mwaka wa tano. Katika mwalo usio na mlinzi, turubai zuri la PVC ni mali inayotamaniwa na mwenye lori, mwenye kibanda cha samaki na mwenye kuanika kahawa. Likiibwa mwezi wa pili, umepoteza 250,000 badala ya 30,000. Ndiyo maana nawashauri wanaolaza vyombo mbali na nyumbani waandike namba ya usajili ya chombo kwa rangi, kwa herufi kubwa, katikati ya turubai, pande zote mbili. Turubai lenye namba ya boti katikati halina soko zuri. Asiyeweza kufanya hivyo, au ambaye mwalo wake hauna ulinzi wa pamoja, abaki na sandarusi nzito yenye dawa ya jua, wala asione haya.

Turubai la kitambaa cha pamba, lile la kijani lililokuwa likitumika kwa mahema ya zamani, bado hupatikana kwa shida. Watu wa vyombo vya mbao duniani kote wamelipenda kwa muda mrefu kwa sababu nyuzi zake huvimba zikilowa na kuzuia maji, kisha zikikauka hupitisha hewa. Kwa mbao ndilo bora kinadharia. Kwa Kagera sina imani nalo: hapa halipati nafasi ya kukauka miezi ya masika, na pamba isiyokauka huota ukungu na kunuka. Ukilipata, litumie Juni hadi Agosti.

Neti ya kivuli ndiyo inayosahaulika, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni ile nyeusi au ya kijani inayotumika kwenye vitalu vya miche ya kahawa na mboga. Huuzwa kwa asilimia za kivuli, kama 50 au 80. Haizuii mvua. Lakini inaondoa sehemu kubwa ya jua, inapitisha upepo wote, ni nyepesi, na ile nyeusi hudumu juani kwa sababu masizi yaliyochanganywa ndani ya plastiki huilinda na miale. Watu huicheka neti kwa kuwa maji yanapita. Waitandaze juu ya sandarusi waone. Jua linaishia kwenye neti, sandarusi iliyo chini inabaki kivulini, na umri wake unaongezeka sana. Kwa mfano wetu, neti ya mita 21 kwa shilingi 2,500 kila mita ni 52,500, na ukigawa kwa miaka minne ni kama 13,000 kwa mwaka. Sandarusi nzito chini, neti nyeusi juu: kwa mvuvi wa kipato cha kawaida sioni mpangilio unaoshinda huo.

Naomba jambo moja hapa kwa uzito wote. Neti ninayoizungumzia ni ya kitaluni, si chandarua cha mbu. Muleba ndiko ulikofanyika utafiti mkubwa wa vyandarua vyenye dawa aina ya PBO, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018 na kusaidia kubadilisha sera ya vyandarua Afrika nzima. Watu wa wilaya hii walichangia kuokoa watoto wa nchi nyingine. Chandarua kilichotolewa kwa ajili ya kitanda kisifunike mtumbwi.

Na habari ya mbu haijaisha. Turubai lililolegea hutengeneza bonde, bonde hujaa maji, na maji yaliyotulia kwa wiki moja au mbili yanatosha yai la mbu kuwa mbu kamili. Maji hayo pia ni uzito: bonde lenye lita 100 ni kilo 100 zinazoning'inia kwenye pete za turubai. Ndipo pete hung'oka. Dawa yake ni mti mmoja. Simamisha nguzo mbili fupi, moja omo na moja tezi, ulaze juu yake mti mnyoofu wa mkaratusi uwe mgongo, kisha turubai lishuke pande mbili kama paa la nyumba. Maji yatateleza. Upepo utapita kutoka omo hadi tezi ukiacha miisho yote miwili wazi. Funika ncha za mti kwa kipande cha mpira wa gurudumu ili zisitoboe. Gharama yake ni ndogo kuliko chochote nilichokitaja, na inafanya turubai la kati kufanya kazi ya turubai zuri.

Pindo la turubai lisiguse ardhi. Hili wengi hawaliamini mpaka waone. Mchwa hupenda giza na unyevu, na turubai lililoburuzwa mpaka chini linawapa vyote viwili. Watajenga njia zao za udongo kimyakimya hadi kwenye mkuku, nawe utajua siku ya kufunua. Inua chombo juu ya magogo, acha nafasi ya shubiri mbili kati ya pindo na mchanga, na upite kila wiki kuangalia magogo yenyewe. Kabla ya kufunika, toa maji yote, kausha kwa tambara, toa mbao za kukanyagia ziegemezwe pembeni. Injini usiifunike ikiwa bado ya moto, wala usiifunge kwa nailoni. Tambara zito la pamba linaitosha ikiwa ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba ndiko mahali pake.

Watauliza: kwa nini tusijenge banda la bati tukaachana na maturubai? Kwa chombo kilicho nyumbani, mbali na ufukwe, nakubali moja kwa moja. Banda la nguzo za mkaratusi na mabati machache, lisilo na kuta, ndilo kifuniko bora kwa chombo cha aina yoyote. Hudumu miaka mingi na mtu anaweza kufanya kazi chini yake. Mwaloni mambo ni tofauti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na ziwa lenyewe lina neno lake: Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakavuka kiwango cha 1964, na mialo mingi ikazama. Kitu kinachokunjwa na kuondolewa kina thamani yake ukingoni mwa maji. Kabla ya kusimika hata nguzo moja, zungumza na viongozi wa mwalo.

Boti za faiba, zikiwemo zile ambazo serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi wa ziwa hili, haziozi wala haziliwi na mchwa. Tishio lake ni jua linalofifisha utando wa juu mpaka unageuka unga, na mchanga unaosugua chini ya turubai linalopigwa na upepo. Kwake PVC linafaa, ila upande laini ukae ndani na kamba zikazwe lisipigepige. Ukiwa na neti peke yake na ukaacha tundu la kutolea maji wazi, boti ya faiba itakaa salama pia kwa gharama ndogo zaidi. Sipotezi maneno mengi hapo; faiba inavumilia.

Kayaki haivumilii. Nyingi hutengenezwa kwa poliethilini, plastiki ya aina ileile ya matangi ya maji, na plastiki hiyo hulainika ikipata joto. Iweke juani chini ya nailoni nyeusi, ikiwa imelala juu ya magogo mawili, na baada ya muda utakuta tumbo limebonyea pale magogo yalipo. Maji yakiingia kwenye kiti yanaongeza uzito na kubonyea kunaongezeka. Kwa hiyo kwa kayaki kivuli na hewa ni muhimu kuliko kuzuia mvua: mvua haiidhuru plastiki hata kidogo. Igeuze kifudifudi, au iegemeze kwa ubavu, chini ya upenu wa nyumba upande usiopigwa na jua la mchana, kwenye mishipi mipana badala ya kamba nyembamba. Ning'iniza neti mbele yake kama pazia. Basi.

Vipo vifuniko vya kayaki vilivyoshonwa kiwandani, vya poliesta, vyenye zipu na mikanda, vinauzwa Ulaya na Marekani kwa kipimo cha urefu wa chombo. Ni vizuri, lakini kuvileta Muleba kunamaanisha kulipia usafiri, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18, kwa kitu ambacho kilibuniwa hasa kwa majira ya baridi kali ambayo sisi hatuna. Zipu zake hushikwa na mchanga na kutu. Fundi wa viti vya magari Bukoba atakushonea mfuko wa poliesta nyepesi ya rangi nyeupe au ya kijivu, wenye kamba ya kuvuta mwisho mmoja, na utaukarabati hapahapa. Mpelekee kayaki yenyewe, asipime kwa macho. Msisitize atumie uzi wa poliesta, maana uzi wa pamba huoza wakati kitambaa bado kizima. Kipande kimoja cha kununua bila kubishana bei ni kifuniko cha tundu la kukalia, kiwe cha dukani au cha kushonwa na mpira pembeni. Nyigu, panya na nyoka wanapenda giza la ndani ya kayaki, na hutaki kukutana nao ukiwa umeshaingiza miguu.

Safari ni suala la pekee, na kifuniko cha kuhifadhia hakifai kusafiria. Kutoka Bukoba hadi Muleba ni barabara ya lami, na chombo kilicho juu ya gari linalokwenda kasi hupigwa na upepo kwa njia ambayo mwaloni haipo. Turubai lililolegea huanza kupigapiga, pete zinang'oka, na kabla ya kufika limeshasugua rangi mpaka mbao. Likijaza upepo linaweza kuivuta kayaki itoke kwenye keria. Kwa kayaki juu ya gari dogo ushauri wangu ni kuiacha wazi, ikiwa kifudifudi juu ya sponji au vipande vya godoro, imefungwa kwa mikanda bapa miwili katikati na kamba omo na tezi. Ukitaka kuifunika kwa sababu ya vumbi la barabara za vijijini, tumia mfuko ulioshonwa kuibana, mikanda ipite juu ya mfuko. Mikanda isikazwe kupita kiasi, na ukisimama njiani kwenye jua kali uilegeze kidogo.

Mtumbwi wa mbao ndani ya Fuso unahitaji kinyume chake: turubai zito la gari lenyewe juu, na magunia au majani makavu ya mgomba kati ya ubavu na bodi. Kama unapitia majini, meli ya MV Victoria inayotoka Mwanza husimama Kemondo kabla ya Bukoba, na chombo kidogo au kayaki ikisafiri kama mzigo hukwaruzwa zaidi wakati wa kupakia na kushusha kuliko njiani. Hapo blanketi kuukuu lililofungwa kwa kamba omo, tezi na pembeni linafanya kazi kuliko turubai la bei kubwa. Ondoa blanketi mara tu unapofika. Likilowa likabaki, linakuwa chanzo cha unyevu kwenye mbao.

Dukani uliza uzito kwa mita ya mraba. Mwenye duka asiyeujua akuruhusu upime: kipande cha mita 4 kwa 5 chenye kilo 2 ni gramu 100, chenye kilo 4 ni gramu 200. Lishike turubai dhidi ya mwanga. Ukiona vitundu vya sindano kati ya nyuzi, utando wake ni mwembamba. Vuta pete kwa nguvu mbele yake. Kunja kona mara kadhaa mahali palepale uone kama mstari mweupe unabaki. Muulize pia kama limetiwa dawa ya jua, na kama hajui, lihesabu kuwa halijatiwa na ulipe bei ya kitu cha miezi michache. Pete za shaba hazishiki kutu. Za chuma zitaacha madoa mekundu kwenye rangi yako.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye mtumbwi wa mbao kwenye mwalo wenye watu wengi anunue sandarusi nzito na neti nyeusi, aweke mgongo wa mti, aache miisho wazi. Mwenye boti kubwa ya mbao ya abiria au ya mizigo, yenye mlinzi, ashone PVC lenye namba ya chombo na asiguse nailoni tena. Mwenye faiba atumie kati ya hayo kinachopatikana kwa bei nzuri. Mwenye kayaki asinunue turubai kabisa: neti, upenu, mishipi mipana na kifuniko cha tundu vinamtosha. Na wote waende kwa fundi Januari au Februari, kabla masika hayajafika Machi, wakati foleni ni fupi na bei haijapanda.